Kisu Alichokipitisha Manase

Ukitaka kununua kisu cha kukunja Makambako, usitoe hela yako kabla hujamwuliza Manase. Nakwambia hivyo mimi Oktavia, ambaye nikimwona anakuja upande wangu wa soko huinamia viazi vyangu na kujifanya navipanga mpaka apite. Ukweli ni ukweli. Mzee yule anajua visu. Laiti angejua kidogo tu na mambo mengine.

Siku za soko, malori yanapowashusha vijana waliomaliza mkataba wa mkonge huko Tanga, wachuuzi hutandika magunia kando ya barabara na kupanga visu vikiwa wazi. Kijana ameshuka na hela mfukoni na vumbi shingoni, anataka afike kwao na kitu cha kiume. Anaona kimoja chenye mpini mwekundu, kinang'aa, bei yake ndogo, moyo umeshaondoka. Hapo ndipo Manase hunyoosha mkono na kusema, "Hebu lete." Ni mzee mrefu, mkavu, mzee wa kanisa la Kilutheri, mwenye koti moja la masika na kiangazi. Ujanani alikuwa akinoa mikasi na visu katika karakana ya Mzungu mmoja huko Morogoro. Kwa kazi hii ya sokoni hapokei kitu. Anaipenda tu, kama wengine wanavyopenda bao.

Kwanza hakitazami. Anakifungua na kukifunga karibu na sikio, kwa sababu springi nzuri, anasema, hulia mara mbili, mara ya kwanza kisu kinapofika nusu na mara ya pili kinapokaa sawasawa. Kisha anaushika ubapa kwa vidole viwili na kuutikisa kushoto na kulia. Ukicheza hata kidogo, ribiti yake, ule msumari unaoushika ubapa mpinini, ni ya kubahatisha. Anakiinua juani kutazama kama mwanga unapenya kati ya ubapa na springi. Anapuliza pumzi juu ya chuma na kungoja ule ukungu uondoke. Ukiondoka upesi, hiyo ni feleji; ukikawia, ni bati lililovishwa nguo za Krismasi. Mwisho anakifunga na kuchungulia ndani ya mpini, maana kisu ambacho makali yake hugonga chuma kila kikifungwa hujitia butu chenyewe bila kufanya kazi.

"Urahisi si ubaya," huwaambia vijana. "Ubaya ni kitu rahisi kinachojifanya ghali. Hiki chekundu, mwanangu, kitakukatia tumbaku mpaka Jumapili. Chukua hicho cheusi ambacho hujakitazama."

Wachuuzi humchukia kimoyomoyo, lakini hakuna anayemfukuza. Kisu kikishapitishwa na Manase hununuliwa papo hapo, na aliyekosa huuliza kama kuna kingine ndugu yake.

Romanus, mume wangu, alishuka hapo akitoka mkonge, nami nilikuwa nimetoka kijijini kwetu, karibu na Uwemba, kuja kumpokea. Alikuwa amekonda lakini bado anacheka. Kabla hata ya kuniuliza mtoto hajambo, akaniambia anataka kisu cha kugemea ulanzi, maana masika yalikuwa karibu na mianzi ya baba yake ilikuwa imemngoja. Nilimwambia, "Mchagua jembe si mkulima." Akanijibu kwamba mimi nigombane na majembe, visu nimwachie mwenyewe. Ndivyo tulivyokuwa tukisalimiana.

Manase akamwuliza, "Cha kazi gani?"

"Cha kugemea ulanzi, baba."

"Pombe." Alilitamka neno hilo kana kwamba limemkwama kwenye jino.

"Baba, mimi ni Mkatoliki," Romanus akasema, na watu wote waliokuwa wamezunguka gunia wakacheka. Hata Manase alicheka kidogo, kwa upande mmoja wa mdomo. Halafu akaanza kazi. Alifungua na kufunga visu vya gunia zima, akavirudisha kimoja kimoja, mpaka mchuuzi akaanza kunung'unika. Kilichobaki mkononi mwake kilikuwa cha mpini wa pembe nyeusi, kimepauka, hakina hata urembo wa msumari wa shaba.

"Hiki ni cha bei ndogo kwa sababu hakina sura," alisema. "Lakini springi hii sijaisikia tangu nitoke Morogoro. Mwanangu, hiki kitakuzika." Alimaanisha kitadumu kuliko mwenye nacho, kama watu wanavyosema juu ya nyumba au jembe. Kisha akamwonya kama alivyomwonya kila mtu: cha kukunja ni cha kukata, si cha kudunga, mwenye kutaka kudunga au kutoboa atafute kisu ambacho chuma chake kimezama mpinini.

"Baba, nimegema tangu sijaota ndevu," Romanus akasema, akalipa.

Kwa asiyejua ulanzi, nieleze kidogo. Mwanzi mchanga hukatwa ncha, na kila asubuhi na kila jioni mgemaji huunyoa pale juu, unyoaji mwembamba kama ganda la kitunguu, ili utoe maji yake yadondoke ndani ya mbeta, yaani kipande cha mwanzi kinachofungwa hapo kukinga. Kisu kibovu huchana badala ya kunyoa, na mwanzi uliochanwa huoza mpaka chini. Kwa hiyo kisu ndicho mali. Kile cheusi kilinyoa kama wembe misimu miwili bila kulegea, na ulanzi wa Romanus ukawa na jina. Watu walikuja kutoka ng'ambo ya mto kunywa mtogwa wake, ule mtamu wa siku ile ile, na kila mmoja aliomba kwanza akishike kisu cha Manase, akifungue na kukifunga sikioni. Mgema akisifiwa, tembo hulitia maji. Mume wangu hakutia maji, lakini alianza kuamini kwamba kisu kile hakina lisilowezekana.

Ilikuwa masika yale ambayo bendera ya boma Njombe ilishushwa nusu mlingoti kwa kifo cha Mfalme wa Waingereza. Asubuhi hiyo Romanus alikisahau kisu juu ya kinu, nami nikampelekea huko mianzini. Alinyoa mianzi yake yote vizuri. Mbeta moja ilikuwa imekatika tundu la kamba, na kekee ya kutobolea ilikuwa nyumbani. Badala ya kunituma, akaiweka mbeta magotini, akasimamisha ncha ya kisu juu yake, akaanza kusukuma na kukizungusha kama anachimba funza.

Nikamwambia, "Baba Eufrasia, kekee si nitakuletea?"

"Mwanamke, tulia."

Kisu kikajifunga. Kilifunga juu ya vidole vitatu, kwa nguvu ile ile ya springi aliyoisifu Manase, na ilibidi akifungue kwa mkono wa pili ili avitoe. Kaka yake, Nikodemo, alikuwa kwenye mianzi ya jirani. Alikuja mbio, nashukuru kwa hilo, akavua kiunoni tambara lake akamfunga. Lilikuwa tambara alilofungia ndama zizini. Nilisema tuoshe kwanza. Nikodemo akasema, "Shemeji, damu haisubiri maji."

Pepopunda haina haraka. Vidonda vilikwisha kuanza kukauka, tukawa tumesahau, ndipo taya lilipoanza kukaza akiwa anakula. Tulimbeba kwa machela mpaka kwenye zahanati. Walitupokea vizuri, wakafanya walichoweza, tulikuwa tumechelewa. Mganga wa zahanati aliuliza kama kidonda kiligusa samadi. Nikodemo akatazama nje. Sitasimulia alivyokufa mume wangu, ila nitasema kwamba alikuwa na akili zake mpaka mwisho, na hakuweza kufungua mdomo kuniaga.

Matanga yalipoanuliwa, Nikodemo alikuja na kuku mkononi kuniambia kwamba sasa yeye ndiye. Mke wa marehemu, mianzi ya marehemu, mtoto wa marehemu, vyote kwake. Nilimwambia mianzi aniachie niigeme mwenyewe, mtoto nitamlea, na mume sihitaji. Nilifunga ndoa kanisani na mtu mmoja. Akaondoka na kuku wake. Tangu jioni hiyo maneno yakaanza, na lisemwalo lipo, kama halipo laja.

Uone jinsi walivyopiga hesabu zao. Kisu hakikuwa kibovu, kwa sababu kilipitishwa na Manase wa Makambako, na nani atabisha? Romanus hakuwa mjinga, kwa sababu aligema tangu utoto na ulanzi wake ulikuwa na jina, na nani atamsema marehemu? Basi, kisu kizuri kikiwa mikononi mwa fundi hakiwezi kumla fundi. Kuna mkono mwingine. Na mkono wa mwisho kukishika kile kisu kabla yake ulikuwa wa nani? Wa mkewe, aliyekileta mianzini asubuhi. Heshima ya kisu ilikuwa lazima isimame, heshima ya mwanamume ilikuwa lazima isimame, na mimi ndiye niliyekuwa rahisi kuangusha. Tambara la ndama hakulitaja mtu.

Niliwaambia nilichokiona. Niliwaambia alikuwa akitobolea. Wakanijibu kwamba namtukana marehemu akiwa bado mbichi kaburini. Padri aliwakemea, wakaitikia "Ndiyo, baba," wakarudi kule kule. Bomani nako hapakwendeka. Serikali ilikwisha kataza watu kutajana uchawi, kwa hiyo wao hawakusema baraza wala kesi, walisema ni kikao cha familia tu. Mzee Mikaeli, baba mdogo wa Romanus na mkubwa wa ukoo, aliniita akaniambia bila ukali.

"Mkwe wangu, tutakaa baada ya mavuno ya mahindi. Ukishindwa kujieleza, utaondoka. Mtoto hataondoka. Mtoto ni wa ukoo."

Eufrasia alikuwa na meno mawili ya mbele yaliyokuwa ndiyo kwanza yanaota upya. Ndiye pekee aliyenibakia kati ya niliowazaa. Mianzi ningewaachia, nyumba ningewaachia. Kwa yule ningetembea mpaka Tanga kwa miguu.

Sikwenda Tanga, nilikwenda Makambako. Ng'ombe akivunjika guu hukimbilia zizini, nami wazazi wangu walikwisha kufa, zizi sikuwa nalo. Niliwaza kwamba kama kinywa changu hakina uzito, nitafute chenye uzito, na jina lililokuwa likinitia kitanzi lilikuwa la Manase.

Nilimkuta amekaa kwenye sanduku, anamkatisha tamaa kijana mmoja.

"Kamwene, baba."

"Kamwene, mwanangu." Alinitambua. Kumbe yeye hukumbuka watu kwa visu vyao. "Wewe ni wa kile cheusi cha pembe. Kinaendeleaje?"

Nikamweleza yote. Alisikiliza huku akifungua na kufunga kisu kilichokuwa mkononi, mpaka nilipofika pale pa mbeta na ncha. Hapo akaacha.

"Alidunga?"

"Alikuwa akisukuma huku anazungusha."

"Nilimwambia." Alitikisa kichwa muda mrefu, na nikaona kwamba anamsikitikia Romanus kweli. "Nilimwambia mbele za watu. Mwanangu, springi haina kufuli. Kila cha kukunja hujikunja ukikidunga vibaya. Hilo hata watoto wa hapa wanalijua."

"Kwetu hawalijui, baba. Njoo uwaonyeshe."

Nilidhani atakataa. Ni safari, na ni ya kwenda kusimama mbele ya Wakatoliki kwa ajili ya kifo cha mgemaji wa pombe. Lakini alisimama pale pale. Alisema Mungu hapendi ushahidi wa uongo, hata kama anayeshuhudiwa uongo ni chuma. Sikuipenda sana sentensi hiyo, kwa kuwa mimi si chuma, ila furaha haikuniachia nafasi ya kuichambua. Siku ya kikao ilipokaribia alipanda lori na mimi mpaka Njombe, na kutoka hapo tukatembea. Njiani nilimwomba kwamba tukifika aombe kisu kwanza, akijaribu faraghani kabla ya kikao. Alicheka.

"Nikijaribu cha nini? Kisu kile nakijua kuliko mwenyewe aliyekitengeneza."

Walikaa uwanjani kwa Mzee Mikaeli, wanaume kwenye vigoda, wanawake chini, Eufrasia kati ya shangazi zake. Nikodemo alikileta kisu kimefungwa ndani ya jani la mgomba, amekishika kwa mbali. Mzee Mikaeli akamkaribisha mgeni na kumwomba aseme anachokijua.

Na Manase akasema. Ee Mungu wangu, alisema! Alikichukua kisu, akakifuta kwa koti, akakifungua na kukifunga sikioni, na uso wake wote ukalainika. Alikuwa hajakiona tangu akipitishe. Aliwaeleza habari ya milio miwili. Aliutikisa ubapa wasikie kwamba haulii. Alipuliza pumzi, akawaita wazee waje watazame ukungu unavyokimbia. Alisema vitu vya bei ndogo vya siku hizi ni aibu tupu, lakini hiki, ndugu zangu, hiki ukilipia mara tano bado umemwibia mchuuzi. Wazee walitikisa vichwa kwa kumkubali. Kila sifa aliyoitoa ilinishindilia chini, naye hakuona, maana alikuwa akizungumza juu ya kitu anachokipenda mbele ya watu waliomsikiliza. Nilimkoholea. Ndipo akakumbuka kilichomleta.

"Lakini," akasema, "hata kizuri namna hii, ukikidunga hujifunga. Ndivyo ilivyomtokea marehemu. Si mkono wa mtu. Nileteeni mbeta niwaonyeshe."

Wakaleta. Akakaa, akaiweka magotini vile vile, akasimamisha ncha, akasukuma.

Kisu hakikujifunga.

Akasukuma tena, kwa nguvu zaidi. Ncha ikaingia ndani ya mwanzi, ubapa ukasimama imara kama umechomelewa. Manase akakichomoa, akakiangalia, akaweka ncha mahali pengine, akasukuma mpaka mishipa ya shingo ikamtoka. Ikatoboka vizuri tundu la pili, duara safi. Mwanamke mmoja nyuma yangu akavuta pumzi.

Nikaona kosa liko wapi, na nadhani kati ya watu wote pale niliyeliona ni mimi peke yangu, kwa kuwa mimi ndiye niliyeuona mkono wa Romanus. Manase alikuwa na mkono wa fundi. Maisha yake yote ulikuwa umejifunza kukilinda kisu. Uliposukuma, ulisukuma wima, nguvu ikishuka sawasawa kwenye uti wa ubapa. Kidole gumba chake kilijiweka chenyewe pale penye springi kuizuia. Alikuwa hajui kukosea. Alijaribu kwa moyo wote kufanya kosa la kitoto, na mkono wake ukakataa. Jasho lilimtoka. Alinitazama mara moja, macho ya mtu aliyepotea njia kijijini kwake mwenyewe.

Ningenyamaza. Watu wenye hekima wangenyamaza. Lakini ukoo ulikuwa umeanza kugeuza vichwa kunitazama, shangazi mmoja alikwisha mshika Eufrasia mkono, na nilijua kabisa kinachotakiwa. Nilisimama nikapiga kelele.

"Si hivyo, baba! Kipindishe! Toa kidole, kipindishe!"

Akatoa kidole, akakipindisha.

Kisu kikajifunga. Kilimla kidole cha shahada na cha kati, na sauti yake niliisikia tena, ule mlio mmoja mkavu. Damu ikamwagikia mbeta. Nikahisi furaha, nasema wazi, furaha ya kweli, kwa sababu sasa wamekwisha kuona. Niligeuka kuwatazama wakiona.

Hakuna aliyekuwa akitazama kisu. Wote walikuwa wakinitazama mimi. Wanawake walikuwa wamesogea nyuma, pamebaki uwazi umenizunguka.

Nikodemo ndiye aliyesema, tena kwa sauti ndogo, na nadhani wakati ule alikuwa ameshaacha kudanganya na ameanza kuamini. "Mmesikia wenyewe. Mgeni amehangaika nacho, kimekataa. Mpaka yeye aliposimama akakisemesha. Alisema, kikatii."

"Nimemwelekeza!" nikasema. "Nimemwambia namna ya kushika! Baba, waambie!"

Manase alikuwa ameinama, amekishika kiganja chake. Nilichana pindo la kanga yangu, pindo safi, nikapiga magoti mbele yake nimfunge. Mtu aliyejua springi kuliko yeyote kutoka Makambako mpaka Morogoro, aliyeniambia kwa kinywa chake kwamba hata watoto wanalijua jambo hili, alinitazama, akauficha mkono wake nyuma ya mgongo.

"Acha, mama," akasema. "Usiniguse."

Njiani kote alikuwa akiniita mwanangu. Nimelifikiria sana jambo hilo tangu siku ile. Nadhani ilikuwa hivi: ama aamini kwamba mkono wake umekosea mbele za watu, juu ya kisu alichokuwa ametoka kukisifu, ama aamini hilo lingine. Akachagua kilichokuwa rahisi. Yeye mwenyewe angekwambia urahisi si ubaya.

Mzee Mikaeli akamwuliza, "Mgeni wetu, wewe ndiye fundi. Unasemaje juu ya kisu hiki?"

"Kisu ni kizuri," Manase akajibu, akitazama chini. "Sina la kuongeza."

Wakampa maji aoshe, wakamfunga, wakamtafutia vijana wa kumsindikiza mpaka Njombe kwa heshima zote. Alipona vidole na yuko mzima mpaka leo, kwa kuwa walimwosha. Kisu walikwenda kukitupa mtoni. Mimi nilipewa mpaka jua litakapofika juu ya mlima.

Sikuwa na vitu vingi. Blanketi la Romanus, sufuria, rozari. Nikodemo alisimama mlangoni kuhakikisha sichukui cha ukoo. Sikumtukana. Nilimwomba jambo moja tu, nimuage mtoto wangu, naye akakubali, akaenda kumleta, akamsimamisha uwanjani mbali kidogo na mimi.

Alikuwa amevaa gauni langu la zamani lililopunguzwa. Uso wake ulikuwa umevimba kwa kulia, na pale vidole vyake vilivyokuwa vimefuta machozi pamebaki michirizi ya vumbi. Alikuwa amekaa kikaoni mwanzo mpaka mwisho. Alikuwa ameona kila walichofanya wakubwa.

Nilichuchumaa ili niwe sawa na yeye. "Eufrasia. Njoo, mama. Nipe mkono."

Alitaka kuja. Nitasema hivyo mbele ya hakimu yeyote, duniani au mbinguni: mguu wake mmoja ulisogea. Kisha akasimama, akanitazama vile Manase alivyonitazama, akaiweka mikono yake yote miwili nyuma ya mgongo.